Ni tembe za sukari, au ni saa nzima ya kusikilizwa?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni dada wa miaka 34, naishi Tanga. Nimemaliza stashahada ya homeopathia, ile tiba ya dawa zilizozimuliwa sana, kwa masomo ya masafa na nimefungua chumba kidogo cha kutolea tiba. Walimu wetu walisisitiza kwamba dawa huchaguliwa kwa kutazama kwanza akili na hisia za mgonjwa, lakini saikolojia yenyewe tulifundishwa juu juu tu. Ni mambo gani ya msingi ninayopaswa kuyajua? Nina kisa pia. Mama mmoja mjane alikuja na maumivu ya tumbo na kukosa usingizi. Nilimhoji saa moja na nusu, muda mwingi analia. Nikampa Ignatia 200. Baada ya wiki mbili akarudi, analala, na tumbo limetulia. Rafiki yangu muuguzi anasema dawa ile haikufanya kitu. Nani yuko sahihi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mimi si daktari, ni mwanasaikolojia, ingawa hospitalini kila aliyevaa koti jeupe huitwa daktari na nimechoka kukataa. Swali lako nimelipenda. Wengi wanaoniandikia kuhusu tiba mbadala wanataka niibariki au niilaani. Wewe umeuliza nani yuko sahihi, basi sitakuzungusha. Naanza na yule mama, maana sehemu kubwa ya saikolojia unayoitafuta imo ndani ya kisa chake.

Kuhusu dawa, muuguzi yuko sahihi. Lakini akidai kwamba mle chumbani mwako hakikutendeka kitu, hapo kakosea, tena pakubwa.

Hesabu tuimalize upesi. Ignatia hutokana na mbegu zenye strikinini, ambayo ni sumu kali. Ile 200 kwenye chupa maana yake mbegu imezimuliwa sehemu moja kwa mia, kisha mchanganyiko huo tena moja kwa mia, hivyo hivyo mara 200. Ukivuka mzimuo wa 12 tayari ni shida kukuta hata molekuli moja ya mbegu ya mwanzo. Ukifika 200 unazungumzia moja inayofuatwa na sifuri 400, wakati atomu za ulimwengu wote unaoonekana hukadiriwa kuwa moja yenye sifuri 80 hivi. Mama alimeza sukari. Mwaka 2015 baraza la taifa la utafiti wa tiba la Australia lilipitia tafiti 176 zilizogusa magonjwa na hali 61, lisione hata ugonjwa mmoja wenye ushahidi wa kutegemewa kwamba homeopathia inautibu. Najua walimu wako wana majibu yao. Nimeyasoma, na hayajanitosheleza.

Mbona basi mama analala?

Mwaka 2011 watafiti wa Southampton, Uingereza, walichapisha jaribio ambalo kila mwanafunzi wa homeopathia angestahili kupewa siku ya kwanza ya masomo. Walichukua wagonjwa 83 wa baridi yabisi, wote wakiendelea na dawa zao za hospitali. Wengine walifanyiwa mahojiano kamili ya homeopathia, yale marefu unayoyajua, wengine hawakufanyiwa. Na pande zote mbili kuna waliopewa dawa ya homeopathia na kuna waliopewa tembe tupu, bila kujua nani kapata nini. Waliohojiwa walipata nafuu kuliko wasiohojiwa. Baina ya dawa na tembe tupu haikuonekana tofauti. Watafiti waliandika bila kuficha: faida ilitoka kwenye mahojiano.

Sasa mtazame mama wako kwa jicho hilo. Msiba wa kwetu unaujua. Siku za matanga nyumba imejaa, mikeka hadi uani, masufuria ya jirani, kila mtu analia naye. Arobaini ikipita kila mtu karudi kwake, na anayebaki peke yake na kitanda kile ni yeye. Akifungua mdomo anaambiwa ajikaze, kazi ya Mungu haina makosa. Maneno mema hayo, lakini yanafunga mlango. Akienda kituo cha afya na tumbo lake, foleni imefika getini, anapata dakika tano na kikaratasi cha dawa ya vidonda. Kisha anakutana na wewe. Unamwuliza tumbo linauma saa ngapi, upande gani, anaota nini, anaogopa nini, tangu lini halali, na siku ile usingizi ulipomtoka kulitokea nini. Unaandika kila anachosema. Analia na humnyamazishi. Saa moja na nusu! Hiyo ndiyo dozi, mwanangu, na ni kubwa kuliko anazopata mgonjwa yeyote wa foleni yangu.

Dhana ya kwanza ya msingi basi ni uhusiano wa mtoa tiba na mgonjwa. Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1957 kuhusu mambo yanayomfanya mtu abadilike akiwa na mshauri wake. Matatu ndiyo yaliyoshika jina: mshauri awe mkweli na si mwigizaji, amkubali mtu alivyo bila kumpa masharti, na aone dunia kwa macho ya yule mtu kisha amwonyeshe kwamba ameiona. Hilo la tatu ndilo gumu. Kumwonea mtu huruma ni rahisi. Kumrudishia maneno yake hadi aseme "ehee, hivyo hasa" kunataka mazoezi. Kuna pia nguvu ya kulitoa jambo tu. Mwaka 1986 James Pennebaker na mwenzake waliwaomba wanafunzi wa chuo waandike kwa siku nne, dakika 15 kila siku, kuhusu jambo lililowaumiza sana maishani. Waliokuwa wameandika tukio pamoja na hisia zake walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi katika miezi iliyofuata kuliko walioandika mambo ya juu juu.

Ya pili ni matarajio, na hapo ndipo lilipo neno plasebo, yaani dawa isiyo na kiini. Watu hulitumia kama tusi, kana kwamba mgonjwa alikuwa anadanganya. Hapana. Mwaka 1978 watafiti wa California waliwachunguza watu waliong'olewa meno. Waliopata nafuu kwa plasebo walipopewa nalokisoni, dawa inayozuia afyuni isifanye kazi mwilini, maumivu yalirudi. Maana yake ubongo wao wenyewe ulikuwa umetoa kituliza maumivu, kwa sababu tu ulitarajia kitulizo. Miaka 30 baadaye Ted Kaptchuk na wenzake wa Boston walipima kitu kilicho karibu zaidi na kazi yako. Wagonjwa 262 wenye tumbo linalosokota na kuvurugika bila kidonda kuonekana waligawanywa makundi matatu. Waliowekwa kwenye orodha ya kusubiri tu, 28 kwa mia walisema wamepata nafuu ya kutosha baada ya wiki tatu. Waliochomwa sindano bandia za akupancha, ile tiba ya Kichina, na mtu asiyezungumza nao sana, 44 kwa mia. Waliochomwa sindano zilezile za bandia na mtu mchangamfu, aliyewauliza maisha yao na kukaa kimya akitafakari majibu, 62 kwa mia. Soma namba hizo tena. Tofauti ya kundi la pili na la tatu ni ubinadamu wa mtoa tiba, basi.

Ya tatu ni mazoea ya mwili. Mbwa wa Pavlov umewasikia: kengele ikipigwa kila chakula kinapoletwa, mwisho mate yanatoka kwa kengele peke yake. Mtu aliyepona mara kumi baada ya kumeza kitu cheupe cha duara, mwili wake umeshajifunza kitu kuhusu vitu vyeupe vya duara. Hapa sikai sana.

Ya nne ninaipa nafasi kwa kuwa wewe ni wa pwani. Maradhi mengi hupanda na kushuka kama bahari: tumbo, mgongo, kipandauso, usingizi, pumu, ngozi inayowasha. Mtu haji kwako maji yakiwa yamekupwa. Anakuja siku ya bamvua, maji yamefika mlangoni. Ukimpa chochote siku hiyo, dawa, sukari au glasi ya maji ya dafu, wiki mbili baadaye maji yatakuwa yameshuka, kwa sababu hiyo ndiyo tabia ya maji. Wanatakwimu wana jina lake la kurejea kwenye wastani. Wewe jiulize tu: ningemkuta wapi kama nisingempa kitu? Usingizi wa mjane wako ungeweza kurudi wenyewe, kidogo kidogo. Sijui, nawe hujui, na mgonjwa mmoja hawezi kutujibu.

Nikifika hapa wanafunzi wangu hucheka, wakasema basi kuna ubaya gani, si mgonjwa kapata nafuu? Ndipo ninawaletea utafiti wa pumu.

Ulichapishwa Marekani mwaka 2011. Wagonjwa wa pumu walipewa kwa zamu vitu vinne: inhela yenye dawa halisi, inhela tupu, sindano bandia, na siku nyingine hawakupewa chochote, wakakaa tu. Kila mara walipimwa kwa mashine nguvu ya pumzi wanayoitoa, kisha wakaulizwa wenyewe wanajionaje. Kwa mashine, dawa halisi ilipandisha pumzi kwa asilimia 20, na hivyo vingine vitatu kwa asilimia 7 tu, kukaa bure kukiwemo. Lakini walipoulizwa, waliopewa inhela ya dawa walisema wamepata nafuu ya asilimia 50, inhela tupu 45, sindano bandia 46. Kukaa bure, 21. Yaani walioshika inhela tupu walijisikia karibu sawa na waliotibiwa, na mapafu yao yalikuwa yamebana vilevile.

Hili ndilo ningependa ulibandike ukutani. Matarajio na usikivu hubadili vile mtu anavyouhisi ugonjwa. Huyatuliza maumivu, kichefuchefu, hofu, uchovu, usingizi. Hayafungui mirija ya pumzi, hayaui vijidudu vya malaria, hayashushi sukari. Ukimtuliza mgonjwa wa pumu kwa punje zako, umemwondolea kengele ya hatari na moto bado unawaka. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba halipendekezi homeopathia kwa Ukimwi, kifua kikuu, malaria, homa ya mafua wala kuhara kwa watoto wachanga. Orodha hiyo ukiitazama vizuri ni foleni ya asubuhi ya zahanati yoyote ya Tanga.

Na usidhani ni mambo ya Wazungu na mashine zao. Mwaka 2011, uleule wa utafiti wa pumu, sote tulikuwa tunatazama Samunge, kule Loliondo. Kikombe kimoja cha dawa ya Babu, shilingi 500, magari yamejipanga kilomita na kilomita, watu wanalala njiani. Ukitaka kufundisha matarajio, huna haja ya maabara. Safari ndefu, gharama, umati wenye shauku moja, mzee mpole, mchungaji mstaafu, anayesema ameoteshwa na Mungu. Nina jirani aliyekwenda na magoti yake, akarudi anapanda ngazi, na sikumbishia, magoti ni yake. Lakini wapo pia walioacha dawa za kufubaza virusi kwa kuwa walijisikia wamepona. Kujisikia walijisikia kweli. Virusi havikuwa na habari.

Sasa nije kwenye lile la walimu wako, kwamba dawa huchaguliwa kwa hali ya akili. Kihistoria hawakukosea. Samuel Hahnemann, yule daktari Mjerumani aliyeianzisha tiba yenu, aliandika katika Organon, kitabu chake cha mwaka 1810, kwamba hali ya moyo wa mgonjwa mara nyingi ndiyo inayoamua dawa. Akatoa na mifano: Pulsatilla haitamfaa mtu mchangamfu na mkaidi, Aconite haitamfaa mtulivu asiyetikisika. Waliomfuata wakaendeleza hadi leo mnasema "huyu ni mtu wa Pulsatilla" kama mtu anavyosema huyu ni wa nyota ya Punda.

Kila mwaka nawafanyia wanafunzi wangu mchezo mmoja. Nawapa fomu wajaze, wiki inayofuata namrudishia kila mmoja bahasha yenye maelezo ya nafsi yake. Yanasema hivi: "Una moyo mpole, lakini ukikosewa unakaa na jambo kwa muda. Unapenda watu, ila zipo siku unataka uachwe peke yako. Kwa nje unaonekana umejipanga, ndani kuna wasiwasi ambao wengi hawaujui. Umewahi kumwamini mtu kupita kiasi ukajuta." Nawauliza, nani limemgusa? Mikono inainuka karibu yote, na mara moja binti mmoja alifuta machozi. Kisha nawaambia wabadilishane karatasi. Zote ni moja.

Mchezo si wangu. Bertram Forer aliufanya Marekani mwaka 1948 kwa wanafunzi 39, sentensi nyingi akiziokota kwenye kitabu cha unajimu cha kununua barabarani. Wakayapa maelezo yale usahihi wa wastani wa 4.26 juu ya 5. Wapiga ramli wetu walilijua hilo kabla ya Forer kuzaliwa. Hoja yangu si kwamba wewe ni mpiga ramli. Nasema mgonjwa akikwambia "umenijua kama umeishi nami", hiyo si dalili kwamba picha ya dawa, yaani tabia na dalili mnazoihusisha nazo, imelingana naye. Ni dalili kwamba maelezo yale yanamtosha karibu kila mtu, na kwamba alikuwa na kiu ya kujulikana. Saikolojia ya leo haiwapangi watu kwa mafungu ya aina hii na ile. Inapima sifa chache, kama uchangamfu, wasiwasi, mpangilio na upole, na kila mtu yuko mahali fulani baina ya chini na juu, wengi wetu katikati.

Kuna jambo la Hahnemann ambalo nalivulia kofia, nalo ni namna ya kuuliza. Alimwagiza tabibu amwache mgonjwa aseme hadi amalize bila kukatizwa, na asimwulize kamwe swali la kujibiwa ndiyo au hapana. Miaka zaidi ya 200 iliyopita! Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu za ajali za magari, wakawauliza yalikuwa kwenye mwendo gani. Walioulizwa magari "yalipogusana" walikadiria kama maili 32 kwa saa. Walioulizwa "yalipobamizana" walisema kama 41. Filamu ni zilezile, neno moja tu limebadilika.

Kwetu hatari hiyo ni maradufu kwa sababu ya adabu. Mama wa makamo akiulizwa na mtoa tiba "maumivu huzidi jioni, sivyo?" atasema "ndiyo, mwanangu", asikuaibishe. Ukiuliza "na ukinywa maji baridi yanazidi?", ndiyo pia. Baada ya maswali kumi una picha safi kabisa ya dawa uliyokuwa nayo kichwani tangu swali la pili. Basi uliza "niambie jana tumbo lilikuwaje tangu ulipoamka", kisha weka kalamu chini. Nimewasikiliza watoa tiba wengi, wa hospitali na wa mitishamba, na kosa la kwanza la karibu wote ni kutostahimili ukimya wa sekunde tano.

Hilo linatupeleka kwenye akili yako wewe, si ya mgonjwa. Mwaka 1960 Peter Wason aliwapa watu namba tatu, 2, 4, 6, akawaambia zinafuata kanuni fulani, waigundue kwa kumtajia namba nyingine. Wengi wakataja 8, 10, 12, kisha 20, 22, 24, kila mara wanaambiwa sawa, wakatangaza kwa furaha kwamba kanuni ni kuongeza mbili. Kanuni ilikuwa namba zozote zinazopanda. Wachache sana walijaribu namba ambayo ingewaambia wamekosea. Hivyo ndivyo binadamu tulivyo, mimi nikiwemo.

Sasa tazama ulivyofundishwa. Mgonjwa akipata nafuu, dawa imefanya kazi. Akizidiwa, ni ile hali ya ugonjwa kuchachamaa kabla ya kupona, kwa hiyo dawa imefanya kazi. Asipobadilika, nguvu ya mzimuo haikuwa sawa, au alikunywa kahawa. Niambie, ni jambo gani likitokea utasema dawa haikufaa kitu? Ukikosa jibu, umejenga chumba kisicho na dirisha. Nunua daftari la mistari. Kabla mgonjwa hajatoka, andika unatarajia nini na kufikia tarehe gani. Na uwe na ukurasa wa wasiorudi. Ukurasa huo utakusumbua. Waliorudi kwako wanakushukuru, lakini aliyezidiwa akaenda hospitali ya mkoa hapiti kwako kukuarifu. Wapigie simu, uulize.

Nimeacha kwa makusudi jambo ambalo kwangu ni zito kuliko yote, nalo ni lugha ya mwili. Huku kwetu watu hawaji wakasema "nina sonona". Wanasema moyo unakwenda mbio, kichwa kinawaka moto, vitu vinatembea mwilini, tumbo linasokota, mwili hauna nguvu, nina mawazo. Zimbabwe wana neno la Kishona, kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Wewe umefundishwa kulitafuta "vitu vinatembea mwilini" kwenye orodha ya dalili na kulipatia dawa. Mimi nakuomba ulisikie mara mbili. Kwanza kama dalili ya mwili, umpeleke akapimwe sukari, presha na damu. Pili kama sentensi ambayo mtu hakupata namna nyingine ya kuisema.

Kuna dodoso la maswali tisa liitwalo PHQ-9, lipo kwa Kiswahili na linatumika katika kliniki nyingi Afrika Mashariki. Linauliza kuhusu wiki mbili zilizopita: kukosa raha, usingizi, hamu ya kula, kujiona hufai. Jifunze kulitumia kwa mtu anayelijua. La tisa linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru, na najua utaliogopa, sote tuliliogopa. Kumwuliza mtu "kuna siku umetamani usiamke?" hakumpandikizi wazo. Mara nyingi anashusha pumzi kwa kuwa hatimaye mtu amethubutu. Akijibu ndiyo, siku hiyo homeopathia imefungwa. Asiachwe peke yake, ndugu wajulishwe, mwende naye hospitali yenye kitengo cha afya ya akili. Hivyo hivyo kwa anayesikia sauti, asiyelala siku nne huku anasema sana na kugawa mali, na mzazi wa mtoto mchanga anayemwogopa mwanawe.

Jingine dogo: wagonjwa watakupenda, wengine kama mama, wengine kwa namna nyingine, na wachache watakuchukia bila sababu. Mara nyingi wanakuletea hisia walizokuwa nazo kwa mtu mwingine. Pokea, usizitumie. Kwa pesa hasa, usizitumie.

Utaniuliza, sasa nifunge chumba? Mimi si msajili. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 ipo, hakikisha umesajiliwa. Ninachoweza kukuambia ni kwamba kile unachokifanya vizuri kinaweza kusimama bila chupa. Zimbabwe hiyohiyo, Dixon Chibanda, daktari wa akili, aliwafundisha wanawake wa kawaida, wengi wao wa umri wa bibi, kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasaidia kutatua tatizo moja moja. Hawakutoa tembe yoyote. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona walikuwa 14 kwa mia kwa waliokaa benchini, na 50 kwa mia kwa waliopata huduma ya kawaida. Nakushauri usome kozi ya ushauri nasaha. Nusu ya kazi tayari unaiweza, kuliko baadhi ya wenye shahada ninaowasimamia.

Na ukiamua kubaki na punje zako, usimdanganye mtu. Kaptchuk na wenzake walijaribu hata hilo, mwaka 2010. Wagonjwa 80 wa tumbo, nusu yao wakapewa tembe na kuambiwa wazi kwamba hazina dawa ndani. 59 kwa mia ya waliozimeza walipata nafuu ya kutosha, dhidi ya 35 kwa mia ya wasiopewa kitu. Utafiti ni mdogo na sitaki uujengee ghorofa, lakini unaondoa kile kisingizio cha kwamba ukisema ukweli nafuu inakimbia.

Mama atarudi kwako. Safari hii chupa iache kwenye droo. Mwulize kwanza kuhusu tumbo: amepungua uzito, ametapika damu, choo kimekuwa cheusi, anameza dawa za maumivu mara kwa mara? Hata akisema hapana zote, mwandikie barua aende akapimwe vidonda vya tumbo, maana nafuu ya wiki mbili haisemi chochote kuhusu kilichomo ndani. Kisha mwulize: "Mama, tangu siku ile tulipozungumza, nani mwingine umemweleza haya?" Akikutajia dada yake au shoga yake, mwulize kama angependa aje naye mara ijayo. Akisema hakuna, usikimbilie kumpa ushauri. Mwulize marehemu alikuwa mtu wa namna gani.